Jua Kilicho Ndani ya Gunia: Chakula cha Mifugo na Magonjwa ya Prioni

Mfugaji anapofika kwenye duka la agroveti, kwa kawaida huuliza maswali mawili: gunia ni pesa ngapi, na je, maziwa yataongezeka? Swali la tatu huulizwa na wachache: ndani ya gunia mna nini? Kutojali swali hilo la tatu kuliigharimu Uingereza ng'ombe zaidi ya milioni 4 waliochinjwa na kuteketezwa, pamoja na maisha ya watu. Makala haya yanaeleza ilivyotokea, jinsi ugonjwa huo ulivyovuka kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine, na mambo ambayo mkazi wa kaunti yetu anaweza kufanya ili usifike hapa.

Kwanza tuondoe hofu. Kenya haijaripoti kisa hata kimoja cha ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Hakuna sababu ya mtu kuacha nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Tunalileta jambo hili kwa wakazi kwa sababu ugonjwa wenyewe hauna chanjo wala dawa. Kinga yake iko mikononi mwa anayetengeneza chakula cha mifugo, anayekiuza na anayekitia kwenye hori.

PRIONI NI NINI?

Magonjwa mengi ya mifugo tunayoyafahamu huletwa na vijidudu. Kimeta huletwa na bakteria, ugonjwa wa miguu na midomo huletwa na virusi, na ndigana huletwa na vijidudu vinavyobebwa na kupe. Prioni ni kitu tofauti. Si mdudu, wala haina uhai. Ni protini.

Kila mnyama, na hata binadamu, ana protini ya aina hii mwilini, hasa ubongoni. Ikiwa imejikunja inavyotakiwa, haina madhara. Shida huanza pale protini moja inapojikunja vibaya. Ikigusana na nzima iliyo jirani, huigeuza nayo ikawa mbaya, na hiyo huigeuza inayofuata. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, huoza wote. Ndivyo inavyokuwa ubongoni. Protini mbovu hurundikana, chembe za ubongo hufa, na mwishowe ubongo hubaki na vitundu vidogo vidogo kama sifongo. Daktari Mmarekani Stanley Prusiner ndiye aliyeipa prioni jina hilo mwaka 1982, na mwaka 1997 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Mambo matatu huifanya prioni kuwa adui mgumu.

La kwanza, hujificha kwa muda mrefu. Ng'ombe aliyeambukizwa akiwa ndama huweza kukaa miaka minne au mitano akila, akikamuliwa na kuzaa bila dalili yoyote.

La pili, mwili hauitambui kama adui. Kwa kuwa ni protini ya mnyama mwenyewe iliyopotoka, hakuna homa inayopanda. Kwa ng'ombe, uthibitisho hupatikana kwa kupima ubongo baada ya kufa.

La tatu, haiuliwi kwa urahisi. Kuchemsha, kukausha, kugandisha na hata dawa nyingi za kuua vijidudu haziimalizi. Nchi za Ulaya ziliweka sheria kwamba mabaki ya wanyama yapikwe kwa joto la nyuzi 133 chini ya mgandamizo mkubwa kwa dakika 20, na hata hivyo zinakataza unga wake kulishwa ng'ombe, mbuzi na kondoo.

KUTOKA KONDOO HADI MBUZI

Ugonjwa wa prioni wa kale zaidi kujulikana ni ule wa kondoo uitwao skrapi. Wafugaji wa Ulaya wameufahamu tangu karne ya 18. Jina lake linatokana na jinsi kondoo mgonjwa anavyojikuna kwenye ua na miti hadi manyoya yanang'oka. Kisha huanza kutetemeka na kuyumba, hukonda na kufa.

Mwaka 1936, madaktari wawili wa mifugo nchini Ufaransa, Cuillé na Chelle, walithibitisha kwamba skrapi huambukiza kutoka kondoo hadi kondoo. Miaka mitatu baadaye walionyesha kwamba huweza kuingia kwa mbuzi pia. Malishoni, skrapi huenea zaidi wakati wa kuzaa, kwa sababu kondo la nyuma na maji ya uzazi ya kondoo mgonjwa huwa yamejaa prioni. Mwana-kondoo huambukizwa, na majirani wanaolamba au kula hapo huambukizwa pia. Udongo nao hubaki na sumu hiyo. Nchini Iceland, kuna boma ambalo ugonjwa ulirudi hata baada ya kukaa bila kondoo kwa zaidi ya miaka 16.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 250 watu wamekula nyama ya kondoo katika nchi zenye skrapi, na haijathibitishwa kwamba ugonjwa huo uliwahi kumwingia binadamu. Kuna kizuizi kati ya mnyama wa aina moja na wa aina nyingine. Protini ya kondoo haifanani kabisa na ya binadamu, kwa hiyo iliyopotoka ya mmoja huwa na kazi ngumu kuigeuza ya mwingine. Kizuizi hicho ni cha kweli, lakini si sawa kwa kila mnyama wala kwa kila aina ya prioni. Uingereza ililitambua hilo kwa uchungu.

NG'OMBE ALIPOLISHWA NG'OMBE

Novemba 1986, wataalamu wa mifugo nchini Uingereza waligundua ugonjwa mpya. Ng'ombe wa maziwa walikuwa wanashtuka ovyo, wanapiga mateke wakikamuliwa, wanayumba miguu ya nyuma na hatimaye kuanguka wasiweze kuinuka. Ubongo wao ulikuwa na vitundu kama wa kondoo wenye skrapi. Ugonjwa huo ndio uliokuja kuitwa kichaa cha ng'ombe, au BSE kwa kifupi.

Wachunguzi walipofuatilia mashamba yaliyoathirika, kitu kimoja kilijirudia: chakula cha dukani. Viwanda vilikuwa vikikusanya mabaki ya machinjioni, yaani vichwa, uti wa mgongo, mifupa na mizoga, vinayapika, vinakamua mafuta, kisha vinasaga kinachobaki kuwa unga wa nyama na mifupa. Unga huo una protini nyingi na ni wa bei nafuu, hivyo ulichanganywa kwenye chakula cha ndama na cha ng'ombe wa maziwa. Mnyama mla majani alikuwa analishwa ng'ombe mwenzake bila yeye wala mfugaji kujua. Mgonjwa mmoja aliyesagwa aliweza kuambukiza wengi, nao walipochinjwa mabaki yao yakarudi kiwandani. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba chini ya gramu moja ya ubongo wenye ugonjwa inatosha kumwambukiza ndama.

Mwaka 1992 pekee, visa zaidi ya 36,000 vilithibitishwa. Kwa jumla, zaidi ya ng'ombe 180,000 waligunduliwa na ugonjwa huo nchini Uingereza.

Na haukuishia kwa ng'ombe. Katika bustani za wanyama za Uingereza walikufa wanyama ambao sisi huku tunawaona mbugani: tandala, mbunju na choroa, ambao walikuwa wamelishwa chakula chenye unga ule ule. Duma nao waliugua baada ya kula nyama ya mizoga ya ng'ombe. Mwaka 1990 ugonjwa ukaonekana kwa paka wa nyumbani. Mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba mbuzi mmoja nchini Ufaransa alikuwa na prioni ya ng'ombe.

Tarehe 20 Machi 1996, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kulikuwa na watu, wengi wao vijana, waliokuwa wanakufa kwa ugonjwa mpya wa ubongo ambao huenda ulitokana na kula bidhaa za ng'ombe wagonjwa. Utafiti ulikuja kuthibitisha hivyo. Watu 178 wamekufa Uingereza kwa ugonjwa huo. Siku chache baada ya tangazo, Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku nyama ya ng'ombe ya Uingereza, na soko hilo lilichukua miaka kumi kurejea kikamilifu.

MARUFUKU ILIYOVUJA

Kuna sehemu ya kisa hiki inayofaa kuangaliwa na kila mwenye mashine ya kusaga na kuchanganya chakula cha mifugo.

Julai 1988, Uingereza ilikataza kulisha ng'ombe, mbuzi na kondoo protini inayotokana na wanyama wa namna hiyo. Ilidhaniwa kwamba mambo yangeisha. Lakini zaidi ya ng'ombe 40,000 waliozaliwa baada ya marufuku hiyo waliugua. Ilikuwaje? Unga wa nyama na mifupa ulikuwa bado unaruhusiwa kwa nguruwe na kuku. Kiwanda kilichotengeneza chakula cha kuku asubuhi kilitengeneza cha ng'ombe mchana kwa mashine ile ile. Mabaki yaliyobaki kwenye mashine, kwenye lori na kwenye magunia yalitosha kuendeleza ugonjwa. Ni baada ya unga huo kupigwa marufuku kwa mifugo yote mwaka 1996 ndipo ugonjwa ulipoelekea kwisha.

Nguruwe na kuku wenyewe hawakuugua kwa kula unga huo. Chakula chao ndicho kilichokuwa njia ya ugonjwa kumfikia ng'ombe.

NGAMIA NAO

Wafugaji wa ngamia wana sababu yao ya kufuatilia habari hizi. Mwaka 2018, watafiti wa Algeria na Italia walitangaza ugonjwa wa prioni ambao haukuwa umejulikana kabla, katika ngamia walioletwa kwenye kichinjio cha Ouargla, kusini mashariki mwa Algeria. Takriban ngamia 3 kati ya kila 100 walioletwa hapo mwaka 2015 na 2016 walikuwa na dalili: kukonda, kutetemeka, ukali usio wa kawaida, kuinua na kushusha kichwa, kuyumba, na mwishowe kushindwa kuinuka. Walikuwa ngamia wazima wa miaka minane na zaidi. Mwaka 2019 ugonjwa huo uliripotiwa pia Tunisia.

Kinachowatia wataalamu wasiwasi ni kwamba prioni zilipatikana pia kwenye tezi za mwili. Kwa ng'ombe, BSE hukaa zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo, ndiyo maana haihami kutoka ng'ombe hadi ng'ombe zizini. Kwa kondoo wenye skrapi, prioni huenea mwilini na kutoka nje. Hali ya ngamia inakaribia ile ya kondoo, kwa hiyo yawezekana huambukizana malishoni na kwenye maji. Kenya ina ngamia zaidi ya milioni 4 na haijaripoti kisa cha ugonjwa huu. Lakini ngamia huuzwa na kusafirishwa mbali, na mfugaji anayejua dalili ndiye atakayeuona kwanza.

KWA NINI TUJIKINGE IKIWA HATUNA UGONJWA?

Ni swali la haki. Jibu ni kwamba kuna aina ya BSE ambayo huzuka yenyewe kwa ng'ombe mzee mmoja mmoja, bila kulishwa chochote kibaya. Mwaka 2021, Brazil ilipata ng'ombe wawili wa namna hiyo, na mauzo yake ya nyama kwa China yakasimama kwa miezi. Ng'ombe kama huyo anaweza kutokea nchi yoyote. Akifa na kuzikwa, ugonjwa unakwisha naye. Akisagwa na kulishwa wengine, ndipo balaa huanza.

NJIA NNE ZA KUZIBA HAPA KWETU

Kiangazi kikikaza na nyasi kuwa ghali, mfugaji hutafuta protini ya bei nafuu. Hapo ndipo uangalifu unahitajika.

1. Unga wa nyama na mifupa, na unga wa damu. Usiwape ng'ombe, mbuzi, kondoo wala ngamia. Protini ya mimea ipo: mashudu ya alizeti na ya pamba, soya, majani ya lusini, kaliandra na sesbania. Soma karatasi iliyoshonwa kwenye gunia. Gunia lisilo na orodha ya vilivyomo wala alama ya ubora ya KEBS, liache dukani.

2. Chakula cha kuku na cha nguruwe. Wapo wanaompa ng'ombe chakula cha kuku kilichobaki ili kisiharibike. Usifanye hivyo. Kila mnyama alishwe chake, na magunia yawekwe mbalimbali. Usitumie gunia tupu la chakula cha kuku kubebea cha ng'ombe.

3. Mbolea ya kuku. Baadhi ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huchanganya takataka za banda la kuku kwenye chakula cha ng'ombe. Takataka hizo huwa na chakula cha kuku kilichomwagika, pamoja na kilichopita tumboni bila kusagika. Ni njia ile ile iliyovuja Uingereza. Tena humletea ng'ombe hatari ya sumu ya botulizimu, ambayo huua upesi. Mbolea ya kuku ipelekwe shambani kwenye mahindi.

4. Mifupa malishoni. Ng'ombe au ngamia anayetafuna mifupa hana kichaa. Anakosa madini, hasa fosforasi. Mpe chumvi ya madini, ukiuliza kwanza kama haikutengenezwa kwa unga wa mifupa, na ufukie mifupa na mizoga mbali na malisho.

Wenye mashine za kuchanganya chakula wanaombwa kutenga siku au mashine ya chakula cha ng'ombe, na kusafisha kabisa kabla ya kubadilisha. Wenye vichinjio na bucha wahakikishe kwamba vichwa, uti wa mgongo na mifupa haviuzwi kwa wasagaji wa chakula cha mifugo bila afisa wa mifugo kujua.

DALILI ZA KUANGALIA

Mwangalie mnyama mzima, hasa aliyevuka miaka minne, akionyesha baadhi ya haya kwa wiki au miezi:

• kushtuka kwa sauti au mguso mdogo;
• mateke au ukali kwa mnyama aliyekuwa mpole;
• kutetemeka, kuyumba, kuanguka na kushindwa kuinuka;
• kukonda na kupungukiwa maziwa ilhali anakula;
• kwa kondoo na mbuzi, kujikuna bila kupumzika hadi manyoya yatoke.

Dalili hizi si ushahidi wa prioni. Hapa kwetu, mnyama anayebadilika tabia ghafla ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kichaa cha mbwa, ambacho humwua binadamu kisipotibiwa mapema. Mbuzi au kondoo anayezunguka mahali pamoja huenda ana tegu ubongoni, ugonjwa ambao Wamaasai huuita ormilo. Ndigana na sumu za mimea pia huweza kumyumbisha mnyama. Daktari wa mifugo ndiye wa kutofautisha.

UKISHUKU, FANYA HIVI

Mtenge mnyama huyo, usimguse mdomoni bila glavu, na umweke mbali na watoto na mbwa. Usimchinje wala kumwuza. Akifa, usipasue kichwa, usimpe mbwa nyama yake na usimzike kabla afisa wa mifugo hajafika, maana sampuli ya ubongo ndiyo itakayopelekwa maabara. Ikiwa mtu ameumwa au ameguswa na mate ya mnyama huyo, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kuripotiwa amtenge na atoe habari bila kuchelewa. Udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo habari ianzie kwa afisa wa mifugo wa wadi yako. Usipompata, mwambie chifu au msimamizi wa wadi.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, maziwa yanaweza kuleta kichaa cha ng'ombe? Shirika la Afya ya Wanyama Duniani huhesabu maziwa miongoni mwa bidhaa salama kwa upande wa BSE. Yachemshe kwa sababu nyingine, hasa brusela na kifua kikuu.

Je, supu ya kichwa iachwe? Kenya haina kisa kilichoripotiwa, na kichwa cha mnyama mzima aliyekaguliwa hakikatazwi. Usile nyama, kichwa wala ubongo wa mnyama aliyekufa mwenyewe au aliyechinjwa kwa kuwa alikuwa anayumba. Kuchemsha hakuondoi prioni, na kibudu kina hatari nyingine nyingi kama kimeta.

Je, ng'ombe mgonjwa huambukiza wenzake zizini? BSE haienei hivyo. Lakini waliokula gunia moja naye wako hatarini, ndiyo maana afisa atauliza walikula nini na mlinunua wapi. Weka risiti na karatasi za magunia.

Je, kuna chanjo? Hakuna. Kinachokinga ni kujua kilicho ndani ya gunia. Safari ijayo ukifika kwenye duka la agroveti, uliza bei, uliza kama maziwa yataongezeka, kisha geuza gunia usome. Muuzaji akishindwa kukueleza protini yake imetoka wapi, rudi nyumbani bila gunia hilo, umjulishe afisa wa mifugo.